Mtoto Aliye Pembeni mwa Picha

Nyumbani kwetu Himbi, juu ya kabati la vyombo, kuna kitabu kikubwa ambacho mjomba wangu alituletea kutoka Bruxelles. Ndani yake mna picha za michoro inayohifadhiwa katika Makumbusho ya Kifalme ya Sanaa ya mji huo. Kwa muda mrefu hakuna aliyekisoma. Kilikuwa kizito, kimeandikwa kwa Kifaransa kigumu, na Mama alikiona kinafaa zaidi kwa kunyooshea vitambaa vya meza. Baada ya mambo nitakayoyasimulia hapa, nilikishusha siku moja ya mvua, nikafunua kurasa zake bila haraka, nikafika kwenye picha moja ambayo hadi leo narudi kuitazama.

Ni picha ya binti wa mfalme. Jina lake ni Juana wa Austria, na mchoraji wake ni Mreno, Cristóvão de Morais, aliyefanya kazi katika jumba la kifalme la Lisbon. Ilichorwa katika miaka ya 1550, enzi ya Renesansi, wakati ambapo wafalme wa Ulaya waliwapa wachoraji kazi ya kuhifadhi sura za watoto wao. Juana ni kijana bado, hajafikisha miaka ishirini. Amesimama wima, amevaa nguo nyeusi ya thamani, na uso wake umetulia kama wa mtu aliyefundishwa tangu utoto kutoonyesha yaliyomo moyoni. Chini, kando yake, kuna mtoto mdogo mweusi. Naye amevikwa vizuri. Mkono wa Juana umekaa juu ya kichwa cha mtoto huyo.

Mara ya kwanza nilidhani mkono ule ni wa upendo. Nilipotazama tena, niliona kwamba Juana hamwangalii mtoto. Anatuangalia sisi. Mkono wake umetua pale jinsi mkono unavyotua juu ya kiti. Nikashuka kwenye maneno yaliyo chini ya picha. Jina la binti mfalme lilikuwapo, jina la mchoraji lilikuwapo, hata vipimo vya urefu na upana vilikuwapo. Jina la mtoto halikuwapo.

Nilifunga kitabu, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka meza moja, daftari moja, na swali moja ambalo sikuweza kulijibu.

Ndugu vijana, kabla sijaeleza kuhusu meza ile, naomba nimtendee haki Juana, maana si vema kumhukumu mtu kwa mkono wake peke yake.

Alizaliwa Madrid mwaka 1535, binti wa Kaisari Karolo wa Tano. Watoto wa kifalme wa zama zile hawakuchagua wenzi wao. Waliozwa ili falme zipatane, na mara nyingi picha ndiyo iliyotangulia: mchoraji alitumwa, sura ikachorwa, kitambaa kikasafirishwa, na watu wa ukoo mwingine wakaitazama na kupima. Picha ya namna hiyo ilikuwa barua, na kila kitu ndani yake kilikuwa neno: nguo zilisema utajiri, vito vilisema ukoo, na mtoto wa Kiafrika kando ya bibi yake alisema kwamba meli za nyumba hii zinafika mbali. Titian, mchoraji mkuu wa Venezia, alikuwa amekwisha kumchora Laura Dianti miaka mingi kabla, mkono wake ukiwa juu ya bega la mtoto mweusi. Kwa hiyo Morais hakubuni mkao ule. Ulikuwa umeanza kuwa desturi.

Mwaka 1552 Juana aliolewa na João Manuel, mrithi wa kiti cha Ureno, akahamia Lisbon. Mumewe alifariki tarehe 2 Januari 1554, naye Juana akiwa mjamzito. Siku kumi na nane baadaye alijifungua mtoto wa kiume, wakamwita Sebastião. Mtoto alipokuwa na umri wa miezi minne hivi, amri ilikuja kutoka kwao Hispania: kaka yake Felipe alikuwa anakwenda Uingereza kumwoa Malkia Mary, hivyo Juana arudi kutawala kwa niaba yake. Mtoto alikuwa mali ya kiti cha Ureno, akabaki. Mama aliondoka mwezi wa Mei, na hakumwona tena mwanawe hadi kufa kwake mwaka 1573.

Basi, alimwona kwa njia gani? Kwa picha. Katika miaka yote hiyo aliomba achorewe mwanawe, na picha zilivuka mpaka kumfuata. Moja yao, iliyochorwa na Morais yuleyule mwaka 1565, Sebastião akiwa mvulana wa miaka kumi na mmoja, iko hadi leo Madrid, katika monasteri ya Descalzas Reales, ambayo Juana aliwaanzishia Masista Waklara katika jumba lilelile alimozaliwa. Nadhani kila mama wa Goma aliye na mtoto ng'ambo, anayeshika simu usiku na kukuza uso wa mwanawe kwa vidole viwili, angemwelewa Juana bila mkalimani.

Jambo jingine juu yake litawashangaza. Juana alitamani kuingia Shirika la Yesu, nalo halipokei wanawake. Mtakatifu Ignasi na wenzake walimkubalia kwa siri afunge nadhiri, na katika barua zao walimtaja kwa jina la bandia la kiume, Mateo Sánchez. Ndiye mwanamke aliyeishi na kufa akiwa Mjesuiti. Alikuwa mtu wa sala na wa sadaka. Ninayasema haya ili tusijifariji kwamba wanaosahau majina ya watoto ni watu waovu tu. Aliyejua uchungu wa kutengwa na mtoto wake, na aliyempenda Mungu kwa dhati, alisimama mbele ya mchoraji na kuweka mkono juu ya kichwa cha mtoto wa mama mwingine.

Mama huyo mwingine hakupelekewa picha.

Lisbon ya wakati ule ilikuwa na watumwa wengi. Katikati ya karne ya 16, karibu mtu mmoja katika kila kumi alikuwa mtumwa, na wengi wao walitoka Afrika. Malkia Catarina, mama mkwe wa Juana na pia shangazi yake, alikuwa na Waafrika wengi katika nyumba yake, na wengine aliwatoa zawadi kwa jamaa zake. Sisemi kwamba mtoto wa kwenye picha alitoka Kongo, kwa kuwa meli za Wareno zilichukua watu katika pwani nyingi. Lakini sisi wa nchi hii tuna sababu ya kusikiliza. Mwaka 1526 Mfalme Afonso wa Kongo, Mkristo, ambaye mwanawe Henrique alikuwa amepewa uaskofu mwaka 1518, alimwandikia mfalme wa Ureno kulalamika kwamba wafanyabiashara wanawakamata watu wake kila siku, hata watoto wa wakubwa na jamaa zake mwenyewe. Mfalme aliyeandikiwa barua hiyo alikuwa João wa Tatu. Ndiye aliyekuja kuwa baba mkwe wa Juana. Malalamiko yalikuwa yamefika katika nyumba ile ile miaka zaidi ya ishirini kabla ya picha kuchorwa.

Sasa nirudi Himbi.

Sisi pia tunayo picha ya familia. Ilipigwa Pasaka ya mwaka 2021, siku mdogo wangu alipopokea Komunyo ya kwanza. Baba alimwita mpiga picha aje nyumbani baada ya Misa. Tulisimama uani, juu ya mawe meusi ya volkano, ziwa likionekana kidogo nyuma ya ukuta wa jirani. Mama alikuwa ametushonea sote nguo za kikwembe kimoja, cha rangi ya buluu na manjano. Wenye kikwembe kile tulikuwa saba: Baba, Mama, sisi watoto wanne, na Kadogo.

Kadogo alikuwa msichana aliyesaidia kazi nyumbani. Aliletwa kwetu na mama mmoja tuliyesali naye, miaka miwili kabla, vita vilipowafukuza watu katika vijiji vya Masisi. Alikuwa na miaka tisa hivi. Asubuhi alishuka ziwani na kidumu cha njano, akarudi, akafagia, akaosha vyombo, akambeba mdogo wetu wa mwisho mgongoni. Aliniita yaya, kama wadogo wanavyowaita wakubwa wao kwetu. Nasi tulimwita Kadogo. Neno hilo mnalijua. Linamfaa mtoto yeyote, kwa hiyo si la mtoto yeyote. Katika nchi yetu limebeba pia kumbukumbu ya wale watoto waliopewa bunduki mwaka 1996. Hakuna aliyekaa chini na kuamua tumwite hivyo. Lilikuwa rahisi mdomoni, likakaa.

Wageni walipotutembelea, Mama alisema kwa moyo mweupe, "Huyu ni mtoto wetu." Ushahidi ulikuwa kikwembe. Alivaa tulichovaa. Alikula sombe na sambaza tulizokula, ingawa alikula jikoni. Shuleni hakwenda. Elimu ya msingi katika shule za serikali ilikuwa imetangazwa kuwa bure tangu mwaka 2019, kwa hiyo hatukuwa na udhuru wa fedha. Tulikuwa na udhuru wa kazi: nani angembeba mtoto?

Katika picha ile Kadogo amesimama mwisho kabisa upande wa kushoto, ameshika viatu vya mdogo wangu, vile alivyovivua kwa sababu vilimbana. Ukingo wa picha umekata bega lake.

Usiku wa Jumamosi tarehe 22 Mei mwaka huohuo, mbingu upande wa Nyiragongo iligeuka nyekundu. Wazazi wetu walikuwa na kumbukumbu ya Januari 2002, lava ilipopita katikati ya jiji na kuteketeza hata kanisa kuu letu la Mtakatifu Yosefu. Hawakungoja tangazo. Wengi wa Goma walikimbilia mpakani kuingia Rwanda, na wengine walishika barabara ya Sake. Sisi tulishika ya Sake. Tulitembea katika giza pamoja na maelfu: wazee juu ya pikipiki, magodoro juu ya vichwa, mbuzi, chukudu zilizopakiwa vyungu na watoto. Tulipita Keshero, tukapita Mugunga. Mama alikuwa anahesabu watoto kila baada ya muda kwa kugusa vichwa vyao: mmoja, wawili, watatu, wanne. Nilimsikia. Alihesabu hadi wanne.

Kulipopambazuka ndipo mdogo wangu alipouliza, "Kadogo yuko wapi?"

Jumapili habari zilifika kwamba lava imesimama kwenye viunga vya jiji, na watu wengi wakaanza kurudi. Tulirudi tukiuliza njia nzima. Katika siku zile mamia ya watoto walikuwa wametengana na wazazi wao, na watu wa kujitolea walikuwa wakiwaandikisha. Jumatatu Baba alinituma kwenye meza moja ya namna hiyo. Nilipanga foleni nyuma ya mama mmoja ambaye alitaja majina ya mapacha wake wawili kwa pumzi moja, na kovu la kila mmoja, na jino lililong'oka.

Ikafika zamu yangu. Kijana aliyekuwa na daftari aliniuliza jina la mtoto.

"Kadogo."

Aliandika, akangoja. "Majina yake kamili?"

Nikanyamaza.

"Baba yake anaitwa nani? Mama yake?"

Nikasema sijui.

"Anatoka wapi?"

"Masisi."

"Masisi ni kubwa, ndugu yangu. Kijiji gani?"

Sikujua. Nilimwonyesha ile picha ya Pasaka katika simu yangu. Aliikuza, akatafuta, akauliza, "Yupi?" Nikamwonyesha pembeni. Aliutazama uso ule mdogo uliokatwa bega. Hakunilaumu. Aliandika tu katika nafasi ya jina: *Kadogo, Himbi*, na katika nafasi zote zilizobaki akachora mstari mmoja mrefu. Miaka miwili alikuwa ameamka kabla yangu na kulala baada yangu, na habari zake zote nilizoweza kutoa zilitosha maneno mawili.

Jumatano simu ya Baba ililia. Mtoto alikuwa Sake, katika shule moja, mzima. Nilikwenda kumchukua. Mama mmoja aliyekuwa akiwatunza alinisomea karatasi yake ili ahakikishe kwamba sisi ndio tuliokuwa tukitafutwa. Kadogo alikuwa ametaja majina yake matatu. Alikuwa ametaja jina la baba yake, marehemu, na jina la mama yake, aliye hai, na kijiji, na kilima kilicho juu ya kijiji. Kisha alikuwa ametaja majina ya Baba na Mama yangu, yote, hata lile la ukoo ambalo Baba halitumii. Alikuwa amenitaja mimi na wadogo zangu kwa mpangilio wa kuzaliwa, na jina langu la ubatizo. Alikuwa ametaja mtaa, na rangi ya geti, na namba ya simu ya Baba kwa moyo, tarakimu zote. Hatukumpata sisi. Yeye ndiye aliyetupata.

Njiani sikuwa na la kusema. Mwishowe nilimwuliza kwa nini hakuwahi kutuambia jina lake. Alifikiri kidogo, kama mtu anayetaka kujibu bila kukosa adabu.

"Yaya, hamkuuliza."

Kesho yake, Alhamisi tarehe 27, serikali iliamuru mitaa kadhaa ya jiji ihame, ardhi ikiwa bado inatetemeka, nasi tukaondoka tena kwa barabara ileile. Safari hii Mama alihesabu hadi watano, na wa tano alimwita kwa jina.

Nisije nikaonekana kana kwamba nasimulia muujiza. Mambo yetu yalibadilika polepole na kwa aibu. Shule alichelewa kuanza, kwa sababu kila wiki palikuwa na sababu. Mama yake tulimpata kwa kuuliza watu wa kijiji chake waliokuwa kambini, na siku alipokuja Himbi alikaa ukingoni mwa kiti, akatushukuru kwa kumtunza mwanawe, na Mama yangu akaingia jikoni akalia. Hatukuwa na jumba la kifalme, wala hatukumnunua mtoto. Lakini nilipoifungua ile picha ya Juana siku ile ya mvua, niliutambua mkono. Tulimvika vizuri, tukamweka kando yetu, tukamwonyesha wageni.

Katika Injili ya Luka kuna mfano mnaoujua tangu katekesimu, wa tajiri na maskini aliyelala mlangoni pake. Niliusikia mara nyingi kabla sijagundua jambo lililo wazi ndani yake: maskini ana jina, Lazaro, na tajiri hana. Katika picha za dunia mambo ni kinyume. Mwenye kikwembe na vito huandikwa chini ya picha, na mwenye kushika viatu huachwa. Bwana alipochora picha yake, aliandika jina la yule aliyelala mlangoni. Na tajiri alimjua Lazaro! Alipokuwa katika mateso alimtaja kwa jina, ili tu amtume amletee maji. Hilo hunitisha zaidi kuliko moto, kwa sababu linaonyesha kwamba mtu aweza hata kulijua jina na bado akalitumia kuagizia maji. Kulijua jina ni mwanzo tu. Baada yake huja swali la kijiji, la mama, la shule, la mahali pa kulia chakula.

Nasoma kwamba Sebastião, yule mtoto wa picha zilizovuka mpaka, akawa mfalme akiwa na miaka mitatu, na akafa vitani huko Alcácer Quibir, Moroko, tarehe 4 Agosti 1578, akiwa na miaka 24. Wareno wengi hawakukubali kwamba amekufa. Katika miaka iliyofuata walitokea watu kadhaa, kila mmoja akidai kwamba yeye ndiye Sebastião. Jina moja liligombaniwa na wengi. Na katika picha ya mama yake yupo mtoto ambaye hakuna aliyedai kuwa ndiye, na hakuna aliyeuliza. Bado yupo katika jumba la Bruxelles, mji ambao kutoka huko nchi yetu ilitawaliwa hadi mwaka 1960. Wengi wa wanaopita mbele yake humtazama Juana. Nikijaliwa kufika huko, nitasimama upande wa mtoto.

Msichana wetu yuko sekondari sasa. Nilipoanza kuandika tafakari hii nilimwuliza kama naweza kulitaja jina lake hapa, nikidhani atafurahi. Akakataa. "Andika habari," alisema, "lakini jina langu waulize mimi wenyewe wakinikuta." Kwa hiyo silitaji. Safari hii halipo kwa sababu yeye ndiye aliyeamua.

Ile picha ya Pasaka tuliisafisha upya kwa ukubwa zaidi. Mpiga picha alikuwa bado na ile ya kwanza katika kompyuta yake, na ikaonekana kwamba bega halikukatwa na kamera. Lilikatwa baadaye, wakati wa kuipunguza picha ili iingie katika fremu. Sasa bega lipo, na viatu vipo. Nyuma ya picha kila mmoja aliandika jina lake kwa mkono wake.

Ndugu vijana, katika mkutano wenu ujao wa parokia, naomba kila mmoja aje na picha moja ya familia yake, ya arusi, ya ubatizo au ya sikukuu. Kaeni wawili wawili. Anzeni kutaja majina kutoka pembeni, si kutoka katikati: aliyebeba mtoto, aliyeshika sinia, mlinzi wa geti aliyetokea nusu, mtoto wa jirani aliyeingia bila kuitwa. Mkifika kwa mtu ambaye hamjui jina lake, msibuni, na msiridhike na lile mlilozoea kumwitia. Picha iacheni mezani, mwende mkamwulize yeye mwenyewe.